Maji, Neno na Toba: Kuisoma Kinjeketile Wakati wa Kwaresima

Kila mwaka ifikapo Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Kanisa linasomewa kisa kile kile cha jangwani. Bwana wetu amefunga siku 40, ana njaa, na Mshawishi anamjia mara tatu. Mapokeo yaliyotulea sisi Walutheri yameiita Jumapili hiyo Invocavit, jina lililotwaliwa katika Zaburi ya 91. Na wengi wetu tumehubiri siku hiyo pasipo kukumbuka kwamba Zaburi hiyo hiyo ndiyo anayoitaja Ibilisi juu ya kinara cha hekalu. Anamtaka Yesu ajitupe chini, kwa kuwa imeandikwa kwamba malaika watamlinda. Maandiko yale yale yanayofungua ibada yetu yanageuzwa, katika somo la siku hiyo hiyo, kuwa hirizi. Tangu mwanzo wa majira ya toba, basi, Kanisa linawekwa mbele ya swali hili: mtu analitumiaje Neno la Mungu anapokabiliwa na mauti?

Katika makala haya tunakusudia kuisoma tamthilia ya Kinjeketile, iliyotungwa na Ebrahim N. Hussein na kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, tukiiweka kando ya kisa hicho. Kilichotusukuma ni mahubiri. Mara nyingi katika sharika za Pwani tumesikia jina la Kinjeketile likitajwa mimbarani wakati wa Kwaresima kuwa mfano wa ushirikina: maji yake yalikuwa ya uongo na watu wakafa, maji ya Ubatizo ni ya kweli nasi tutaishi. Mfano huo una wepesi unaopendeza, na mhubiri mwenye dakika 20 anautamani. Hata hivyo tunaona kwamba unaikosea tamthilia, unawakosea wafu, na, jambo lililo zito zaidi kwa wasomaji wa jarida hili, unaikosea Katekisimo.

Tuanze na tofauti moja ya tahajia. Mtu wa historia ni Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe, kati ya vilima vya Umatumbi na bonde la Rufiji. Mtu wa tamthilia ni Kinjeketile, na mtunzi mwenyewe anatutahadharisha katika utangulizi wake tusiwachanganye. Kama wazee walivyosimulia baadaye, mwaka 1904 Kinjikitile alichukuliwa na Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto. Watu wakazamia wasimwone. Kesho yake akatoka na mavazi makavu, akaanza kutabiri. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya serikali. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, upande wa kusini wa delta, na vita vikaendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Waliokufa wanakisiwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kwa maana jeshi la Wajerumani liliteketeza ghala na mashamba, na aliyesalimika vitani alirudi nyumbani akakuta hakuna cha kupanda wala cha kula. Mhubiri anayesema kwamba watu walikufa kwa sababu risasi hazikugeuka maji anapaswa kwanza kutuambia ni maji gani, au ni imani gani, ingaliwaokoa watoto wa Umatumbi na Rufiji na moto uliowekwa katika ghala zao.

Aidha, anayehubiri Kibiti, Nyamisati au Mbwera hawezi kuyasema maji kana kwamba ni kitu chepesi. Delta ya Rufiji inabeba misitu ya mikoko inayozidi hekta 50,000, mikubwa kuliko mingine yote katika pwani ya Afrika Mashariki, na maisha ya mle yanafuata kujaa na kupwa. Maji ya mto yakifurika kwa kiasi huleta rutuba ya mpunga. Yakizidi huchukua mpunga, nyumba na mtu. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, na siku chache baadaye, mwezi Aprili, vijiji vya Rufiji na Kibiti vilikuwa ndani ya mafuriko, watu wakihamishwa kwa mitumbwi na boti. Wakulima waliokuwa wameimba Haleluya ya Pasaka waliyatazama mashamba yao yakizama. Kwa msikilizaji wa namna hiyo somo la Gharika, somo la Bahari ya Shamu na somo la Yordani hayasikiki kama yanavyosikika katika darasa letu la Agano la Kale, nasi walimu tungefanya vema kwenda kuyasikia huko.

Sasa, Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo kila mmoja wetu aliikariri kabla ya kipaimara, inauliza bila aibu swali ambalo askari wa Kijerumani wangaliweza kumwuliza Kinjikitile: maji yanawezaje kufanya mambo makubwa namna hii? Nalo jibu lake halisemi kwamba maji yetu ni bora kuliko maji ya wengine. Linakiri kwamba maji yenyewe hayafanyi. Lifanyalo ni Neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayolitegemea Neno hilo. Mlutheri, basi, hana ruhusa ya kumcheka mtu wa Ngarambe kwa sababu aliamini kwamba maji na neno vikikutana jambo hutendeka. Sisi sote tumebatizwa kwa kuamini hivyo. Tofauti inapaswa kutafutwa katika neno lenyewe: ni neno la nani, linaahidi nini, nalo linamfanya nini yule aliyelipokea. Hapo ndipo Hussein anapotufaa kuliko wahubiri wetu, maana tamthilia yake karibu haishughuliki na maji. Inashughulika na neno.

Tuitazame. Watu wanalimishwa kwa nguvu katika shamba la Bwana Kinoo. Wana njaa, wanadhalilishwa, na hawawezi kuungana kwa sababu Mmatumbi hamwamini Mrufiji wala Mkichi hamwamini Mzaramo. Kinjeketile anazama, anatoka, anasema kwa sauti isiyo yake. Anawaahidi umoja na ushindi. Kisha, katika hali ile ile ya kupagawa, anasema kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati haulijali neno hilo, maana umeshalewa furaha. Lakini nabii anapozindukana na kuambiwa aliyoyasema, anashikwa na hofu. Kuwa watoto wa Seyyid Said maana yake ni kumtoa mtawala mmoja na kumweka mwingine. Je, Hongo amemdanganya? Je, ni Hongo kweli? Kuanzia hapo hadi mwisho mchezo wote unatembea juu ya jeraha hilo: mtu aliyepewa neno, akaligawa kwa watu, kisha akagundua kwamba ndani yake mna kitu asichokifahamu, na neno limekwisha kumtoka mikononi.

Tunathubutu kusema kwamba katika fasihi yote ya Kiswahili hakuna maelezo ya wito wa unabii yaliyo ya kweli zaidi kuliko haya, ingawa mtunzi hakukusudia kutuandikia somo la Maandiko. Mwanafunzi anayetaka kuielewa sura ya 20 ya Yeremia aanze hapa. Yeremia naye analalamika kwamba amehadaiwa. Naye hawezi kulirudisha neno, maana akilizuia linamchoma ndani kama moto. Lakini ipo tofauti moja, na ndiyo inayotushughulisha. Yeremia anamlalamikia Yeye aliyempa neno. Maneno yake ni makali, karibu kufuru, lakini ni sala. Kinjeketile hana wa kumlalamikia. Hongo hasemi naye tena. Anabaki na Kitunda, rafiki na jemadari, na Kitunda anayapima maji kwa kipimo cha vita: yamewaunganisha watu, na bila maji hakuna umoja. Kinjeketile anaomba muda, anataka watu wafunzwe kwanza, anawazuia wasiende, nao wanaenda. Anaijua shaka yake, lakini haisemi mbele ya watu waziwazi kiasi cha kuwageuza.

Neno "kugeuka" ndilo neno kuu la Kwaresima, na ni neno kuu la Majimaji pia. Watu waliahidiwa kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Ukisoma kwa haraka utasema hakuna kilichogeuka. Ukisoma kwa utulivu utaona kwamba kilichogeuka ni watu wenyewe. Wale waliokuwa hawawezi kukaa pamoja katika tukio la kwanza wanakuwa jeshi moja. Historia inathibitisha jambo hilo: Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa sehemu hizo katika miaka ya 1960, alionyesha jinsi imani ya maji ilivyowavusha watu mipaka ya koo na makabila ambayo hakuna mtemi aliyeweza kuivuka. Kwa lugha yetu, nia zao zilifanywa upya, jambo lile ambalo Mtume analiomba katika Warumi 12. Ahadi moja tu haikutimia, nayo ni ile iliyohusu risasi. Hapa ndipo tunaporudi kwenye kinara cha hekalu. Zaburi ya 91 haikuwa uongo hata iliposemwa na Ibilisi. Iligeuka kuwa uongo pale ilipotenganishwa na utii wa Mwana na kufanywa kinga ya mwili dhidi ya mawe ya chini. Naye Yesu anajibu kwa Kumbukumbu la Torati, kwa fungu linalokumbusha Masa, mahali ambapo Israeli walimjaribu Mungu kwa ajili ya maji.

Wasomaji wetu wanajua jinsi Zaburi ya 91 inavyotumika katika nyumba za Wakristo. Hubandikwa mlangoni, huwekwa chini ya mto wa mgonjwa, hukunjwa ndani ya pochi ya dereva. Jirani Mwislamu wa delta naye hunywa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani na kuoshwa kwa maji. Hatusemi haya kwa kejeli. Mtu anayelinywa neno analiheshimu kuliko yule anayelisikia na kusinzia. Tunasema tu kwamba mhubiri anayemnyoshea kidole Kinjeketile kutoka mimbarani huenda anawahubiria watu walio na chupa ya maji ya upako mkobani, na asijue. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini ili wayakanyage. Hao hawakuwa watu wa mwaka 1905.

Wala tusijifiche nyuma ya makanisa mengine. Kwaresima ya mwaka 2011 ilianza tarehe 9 Machi, na mwezi huo huo barabara ya Loliondo ilikuwa imefungwa kwa magari yaliyokuwa yakielekea Samunge, kwenye kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Alikuwa mchungaji wa KKKT. Kikombe kiligharimu shilingi 500, hivyo hakuna awezaye kusema kwa haki kwamba mzee yule alitafuta utajiri. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba dawa ile haina nguvu kwa mti wake, bali kwa neno la Mungu aliloambiwa katika ndoto, na kwamba haifanyi kazi ikitolewa na mkono mwingine au mahali pengine. Tuyasome maneno hayo kama wanatheolojia. Kuna kimiminika, kuna neno, kuna imani. Umbo lake linafanana na la Katekisimo hata mtu anaweza kudanganyika. Kinachokosekana ni kwamba neno hilo halikuahidiwa Kanisa lote, halikuwa na msalaba ndani yake, wala halikumwita mtu atubu. Lilimwita anywe. Wapo waliopata faraja kwalo, na wapo walioacha dawa za hospitali wakafa. Mchungaji Masapila alifariki tarehe 30 Julai 2021, na hadi leo Kanisa letu halijaandika uchambuzi wa kutosha wa mwaka ule. Vyuo vyetu vinawafundisha wanafunzi kuijadili Barua ya Mtakatifu Yakobo kwa Kigiriki, lakini havina somo juu ya Samunge.

Maandiko yanacho kisa kinachofaa hapa, na mara chache kinahubiriwa hadi mwisho wake. Katika Hesabu 21 Mungu mwenyewe anaagiza nyoka wa shaba atengenezwe, na kila aliyemtazama akapona. Injili ya Yohana inamchukua nyoka huyo kuwa mfano wa Kristo aliyeinuliwa, nasi tunasoma hivyo katika Kwaresima. Lakini katika 2 Wafalme 18 mfalme Hezekia anamvunja nyoka huyo huyo vipande vipande, kwa sababu Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Kitu kilichotolewa na Mungu, kilichoponya kweli, kikaja kuwa sanamu. Baadhi ya simulizi za Rufiji zinasema Hongo alimjia Kinjikitile katika umbo la nyoka. Hatutaki kujenga theolojia juu ya mlingano huo, lakini hatuwezi kuusahau tunapoisoma tamthilia. Hezekia alipewa neema ambayo Kinjeketile hakuipata: aliweza kukivunja kile kitu mbele ya watu. Na tukumbuke kwamba alikivunja wakati wa amani. Kinjeketile alitakiwa akivunje baada ya watu kushika mikuki.

Hapa hatuna budi kumkosoa mtunzi pia. Hussein aliandika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, na imani katika tamthilia yake ina kazi moja hasa: kuunganisha. Kitunda anaiona hivyo, na mara nyingine tunashuku kwamba mtunzi anakubaliana na Kitunda. Wahusika wanaamini maji, lakini hatuwaoni wakiomba. Hatuoni matambiko, wala hatusikii namna ambavyo mwanamke wa Ngarambe alilizungumzia jina la Mungu kabla hajamsikia mmisionari yeyote. Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, ambao mwanzoni ndio wanaotuonyesha njaa ilivyo, wanafifia kadiri wanaume wanavyojiandaa kwa vita, kana kwamba njaa imekwisha wakati historia inatuambia kwamba njaa kubwa ilikuwa bado inakuja. Katika kazi zake za baadaye, kama Mashetani ya mwaka 1971, mtunzi huyu alijua kuyaingia mambo ya ndani ya nafsi kwa undani zaidi. Katika Kinjeketile nabii tu ndiye mwenye nafsi. Watu wana njaa na hasira.

Kosa la wahubiri wetu ni kubwa zaidi, maana wanasahau walikuwa upande gani. Wamisionari wa Berlin walikuwa wamekwisha kujenga Kisarawe na Maneromango katika Uzaramo kabla ya vita, na mnamo Septemba 1905 kituo chao cha Yakobi, katika Ubena, kilishambuliwa. Mmisionari na Wakristo wake walijitetea kwa bunduki, wakawashinda washambuliaji walioyaamini maji. Hatuwahukumu, mtu anayevamiwa usiku na watoto wake wamo ndani hana nafasi ya kuandika makala. Lakini ukweli ni huu: siku ile Yakobi waliotumaini maji na neno walikuwa nje ya ua, na waliotumaini chuma walikuwa ndani, kanisani. Mahubiri ya Kwaresima yanayolinganisha maji ya uongo ya Kinjeketile na maji ya kweli ya Ubatizo yanairuka siku hiyo. Toba haipaswi kuiruka.

Tunafika Kibiti. Katika miaka ya 2016 na 2017 watu zaidi ya 30 waliuawa katika eneo la Kibiti, Rufiji na Mkuranga: wenyeviti na watendaji wa vijiji, askari, raia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa Mkengeni, Kibiti. Ilikuwa Alhamisi Kuu. Jioni ile, wakati washarika wetu wakiikumbuka meza ya Bwana na usiku wa kusalitiwa kwake, barabara ya kusini ilikuwa na damu. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti habari za mauaji hayo, alichukuliwa tarehe 21 Novemba 2017 na hakuonekana tena.

Mwezi Machi 2018, Kwaresima ikielekea ukingoni, maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka wenye jina Taifa Letu, Amani Yetu, uliozungumzia utekaji, mauaji na hofu iliyokuwa imeingia nchini. Mwishoni mwa Mei 2018 barua yenye nembo ya wizara ililitaka Kanisa liukanushe waraka huo kwa maandishi ndani ya siku 10. Mwezi Juni waziri mwenyewe akaikana barua hiyo na kumsimamisha ofisa aliyeitia saini. Inajulikana pia kwamba waraka haukusomwa katika kila dayosisi, na kwamba jambo hilo lilitikisa Kanisa kwa ndani kuliko barua ya serikali ilivyolitikisa kwa nje.

Msomaji wa Kinjeketile hawezi kuyapitia matukio hayo asikumbuke tukio la mwisho. Vita vimeshindwa. Kinjeketile yuko gerezani, amepigwa, na mwakilishi wa dola anamtaka jambo moja tu: aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi aseme. Mwenyewe ana shaka nayo. Lakini anakataa, kwa sababu anajua dola itakachofanya na kukanusha kwake: watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba si maji tu, bali hata kupigania haki kulikuwa uongo. Tukio hilo ni kilele cha tamthilia, na Watanzania wa rika letu walilisoma shuleni na kulipenda. Ni vigumu kutolipenda.

Hata hivyo tunaomba tusilichukue kirahisi na kulivika Kanisa la mwaka 2018. Kinjeketile anakataa kukanusha neno ambalo yeye mwenyewe hakuwa na hakika nalo, na anafanya hivyo kwa ajili ya historia. Waraka wa maaskofu ulisema mambo yaliyokuwa yakionekana kwa macho. Kutokukanusha ukweli ni wajibu tu. Kilicho kigumu, na ndicho Kinjeketile alichoshindwa, ni kusema ukweli kwa watu wako mwenyewe wakati bado wanakushangilia. Shujaa wa Hussein ana ujasiri wote mbele ya adui, na ana ujasiri haba mbele ya wafuasi. Hilo ni jaribu la pili hasa: umati uko chini unatazama, nabii yuko kinarani, na neno la Zaburi liko tayari kinywani. Yesu hakujitupa. Pengine ndiyo maana umati ulimwacha mapema kuliko ulivyomwacha Kinjeketile.

Je, Kanisa letu katika Pwani limewahi kuwaambia watu wake jambo ambalo hawakutaka kulisikia juu ya Kibiti? Tuliombea amani. Tuliwaombea askari na familia zao, na ilikuwa haki. Sharika chache mno zilitaja mbele ya madhabahu majina ya vijana waliochukuliwa na wasirudi, maana wengi wao walikuwa Waislamu, na sisi tulikuwa wageni wachache katika wilaya hiyo, tena wenye hofu. Tunaandika "sisi" kwa makusudi. Ilikuwa rahisi zaidi kuhubiri juu ya maji ya mwaka 1905.

Kwa miaka kadhaa sasa mifungo miwili imekutana. Mwaka 2023 na 2024 Ramadhani iliingia katikati ya Kwaresima. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi kuandama. Katika mji wa Kibiti Mkristo aliyefunga alikuwa amezungukwa na waliofunga. Maneno yetu makuu ya majira haya, yaani toba, saumu, dhambi na rehema, ni maneno tuliyoyachukua katika kinywa cha jirani huyo. Kwaresima peke yake ndilo tulilolileta kutoka ng'ambo, nalo maana yake ni hesabu tu ya siku 40. Mhubiri anayetaka kusema juu ya toba mahali hapo anazungumza kwa lugha ambayo msikilizaji wa nje ya mlango wa kanisa anaielewa kikamilifu, na atapima kama maneno yanalingana na matendo.

Limebaki swali la matumizi ya tamthilia hii katika vyuo na sharika, maana wanafunzi wetu wameuliza kama inafaa kuigizwa katika Wiki Takatifu. Wengine wanapendekeza Ijumaa Kuu, kwa kuwa tukio la gereza linafanana na kesi mbele ya Pilato. Hatukubaliani nao. Ikiigizwa siku hiyo, Kinjeketile atageuzwa Kristo, naye hakuwa Kristo; au atalinganishwa na Kristo na kuonekana mdogo, jambo ambalo wahubiri wetu wamekwisha kulifanya vya kutosha. Sisi tungeisoma mapema zaidi, katika juma la Jumatano ya Majivu, kabla ya somo la jangwani, na tungeishia pale nabii anapozindukana na kuwauliza watu amesema nini alipokuwa hayupo.